Mikono Mitupu Barabara ya Makere

Mwaka 2013 nilirudi Kasulu kutoka Nyabibuye nilikokuwa nikichoma matofali, nikamkuta mdogo wangu Immakulata ana vidonge vya presha na amri ya daktari: atembee harakaharaka nusu saa kila asubuhi mpaka jasho limtoke, na baada ya miezi mitatu arudi apimwe. Alikuwa na miaka arobaini na tisa. Mama yetu alianguka shambani akiwa na miaka hamsini, jembe mkononi, asiinuke tena. Kwa hiyo mimi sikucheka.

Shida haikuwa miguu. Kwetu mwanamke akitoka mbiombio asubuhi mikono mitupu, watu wanajua kuna msiba. Siku ya kwanza jirani yake, Mama Elieth, alijifunga kanga akamfuata akilia, "Yebaba weee! Ametutoka nani?"

"Hakuna mtu. Nafanya mazoezi."

"Mazoezi? Wamekuchagua timu ya taifa, shoga?"

Barabara nzima ya Makere ikacheka. Immakulata akaona aibu, akabuni lake: kila asubuhi anajitwika ndoo ya mahindi kama anayekwenda mashineni, anaenda nayo, anarudi nayo. Nami, mzee mzima, nikamsifu.

Wiki ya pili nilimfuata. Kwenye mwinuko akasimama, mkono kifuani, midomo rangi ya majivu. Nikaishusha ndoo, nikamkalisha chini. Nilimwita jina mara tatu ndipo akajibu. Nikasimamisha bodaboda, tukaenda kwa daktari.

"Mama, nilikwambia utembee, sikukwambia ubebe," daktari alisema, akitazama kipimo. Presha ilikuwa imepanda. Alimweka chini ya uangalizi hadi jioni. "Pumzika kwanza. Nikikuruhusu, anza taratibu, tambarare, mikono mitupu. Uwe unaweza kuongea ila huwezi kuimba. Hapo ndipo moyo unapojengeka."

Siku aliyoruhusiwa kuanza tena kutembea alisimama mlangoni, hatoki.

"Kaka, watanicheka."

"Mama hakuna aliyemcheka. Walimlilia."

Alinitazama vibaya, akatoka. Mama Elieth alikuwa anafagia.

"Msiba tena?"

"Msiba wangu mwenyewe, mnauwahi kabla sijafa. Weka ufagio uje tuongee njiani. Daktari anataka niongee."

"Kuongea tu? Hiyo dawa ninayo," akasema, akaja, analalamika kila hatua.

Miezi mitatu ilipotimia presha ilikuwa imeshuka, ingawa haijafika anapopataka daktari. Vidonge aendelee, kutembea asiache.

Mimi nilishaaga kwamba naenda Kibondo. Sijaenda. Sijawahi kukaa mahali muda huu wote. Kila asubuhi nasimama uani nasikiliza wale wawili wakirudi wanabishana, na sauti zikikatika kidogo tu pale kwenye kona, naweka kikombe chini nakwenda kuchungulia barabarani.