Kabange wa Mti

Mimi sikuanza peke yangu. Watu wengi huanza peke yao tumboni na wala hawaoni tabu, lakini mimi nilikuwa na mwenzangu tangu siku ya kwanza. Tulibanana gizani miezi minane na kitu, kisha nikatolewa nje na kuachwa nizoee. Bado sijazoea vizuri.

Haya ya mwanzo nilisimuliwa na mama vipande vipande, akichambua dagaa au akitwanga majani ya mihogo ya sombe. Mama yangu Philomène hakuwa mtu wa kukaa chini akakupa habari kutoka kichwa hadi mkia. Alizaliwa milimani juu ya Moba, kwa Watabwa, akaolewa na baba yangu, Siméon Kalenga, Mluba aliyefanya kazi kwenye treni. Wakahamia Kalemie, kando ya ziwa, mtaa wa Kataki, nyumba ya vyumba viwili. Baba akienda Kabalo na treni alikaa huko wiki nzima, mara nyingine wiki tatu. Mama hakuwa na dada karibu, wala shangazi, wala mtu yeyote wa kwao. Alikuwa na mimba, basi.

Mimba yenyewe ilimtisha. Mwezi wa tano tumbo lilikuwa limefika pale wanawake wengine wanapofika mwezi wa nane, na majirani wakamwuliza kama amemeza ngoma. Pale maternite, kwenye wodi ya wazazi, muuguzi aliyeitwa Mama Clémentine alimwekea tumboni kile kipembe cha mti cha kusikilizia, akasikiliza kulia, akahamia kushoto, akarudi tena kulia.

"Mama, beko wawili humu," akasema. "Mumoja kichwa kiko chini. Mwengine amelala kwa ubavu."

Alimweleza pia kwamba mtoto akifikisha kama miezi sita tumboni anaanza kusikia, na sauti anayoijua kuliko zote ni ya mama yake. Kwa hiyo aongee nao. Mama alirudi nyumbani amefurahi kupita kiasi. Mwanamke ambaye hakuwa na wa kumwambia hata kwamba chumvi imekwisha alikuwa amepata wasikilizaji wawili kwa mpigo. Aliwaambia kila kitu: mvua, bei ya mihogo, upepo wa ziwani, baba yenu bado hajarudi.

Nilitoka mimi kwanza. Kaka yangu alifuata, miguu mbele, akalia kidogo, akaishi mpaka jioni. Kwa Waluba pacha wa kwanza ni Kyungu na wa pili ni Kabange, hapo hakuna mjadala. Serikali nayo ilikuwa imekataza majina ya Kizungu, kwa hiyo kwenye karatasi mimi ni Kyungu. Nyumbani niliitwa Bertille kama nyanya yangu, mama yake mama, na hakuna askari aliyekuja kuuliza.

Kwa watu wa mama, pacha akifa haachwi hivihivi. Anachongwa kwenye mti, mtu mdogo mwenye kichwa, mikono na kitovu, na mama yake anamtunza pamoja na yule aliyebaki. Asipomtunza, aliyekwenda ataona wivu amwite mwenzake amfuate. Nyanya Bertille alimtuma Kabange wa mti kwa mashua kutoka Moba, amefungwa kitambaa ndani ya gunia la maharagwe. Tangu hapo tukawa wawili tena. Nikiogeshwa, anaogeshwa. Nikipakwa mafuta ya mawese, anapakwa. Nikinyonya, anasogezwa kwenye titi la pili, kidogo tu, asije akajisikia vibaya.

Jirani yetu Mama Élisabeth aliona siku moja juu ya ua jinsi mama anavyouosha mti na kuufuta masikio. Akawashika watoto wake mikono akawaingiza ndani, na hawakukanyaga kwetu tena. Mama alikuwa anakwenda misa kila Jumapili, lakini hilo halikuhesabiwa. Kanisani benchi lake lilikuwa na nafasi ya kutosha, kulia na kushoto.

Basi nikakua. Na kukua kwangu kote nilikusikia kwa masikio yangu, kwa sababu mama alikuwa anamwambia Kabange. "Kabange, dada yako leo ameinua kichwa." "Kabange, Bertille amekaa bila kushikwa, ungemwona." "Ameota jino, Kabange, ameniuma nalo." Nilipotambaa hadi mlangoni, Kabange aliambiwa. Niliposimama nimeshika ndoo na ndoo ikamwagika, Kabange aliambiwa kwa ukali, kana kwamba tulipanga pamoja. Hata akienda bombani kuchota maji alimlaza karibu yangu na kumwachia kazi: "Kabange, kaa na Bertille. Bertille eko peke yake."

Mimi mwenyewe niliogeshwa, nililishwa, nilibebwa mgongoni, nilikunwa mahali panapowasha. Mikono ya mama ilikuwa yangu. Maneno yalikuwa ya mwenzangu. Miaka mingi baadaye nilimwuliza kwa nini, akanishangaa kama nimeuliza kwa nini maji yanalowesha. "Wewe ulikuwa unaona mwenyewe," akasema. "Asiyeona njo wa kuambiwa."

Nilitembea kwa wakati wake. Nilijua kijiko, nilijua viatu vya baba, nilijua kujificha. Ila sikusema. Mwaka mmoja ukaisha, wa pili ukaisha, wa tatu ukaanza, na mdomoni mwangu hakikutoka hata "mama". Watoto wa Mama Élisabeth, ambao mmoja wao alikuwa mdogo kwangu, walisikika ng'ambo ya ua wakigombana kwa sentensi ndefu.

Mama alinipeleka kwa Mama Clémentine. Yule muuguzi alipiga makofi nyuma ya kichwa changu, nikageuka. Akanitazama ulimi. Akanikunjia uso, nikacheka.

"Masikio mazima, ulimi muzima," akasema. "Mutoto anajifunza kusema kwa kusemeshwa. Unamusemesha nyumbani?"

"Mimi? Ninasema kutwa nzima, Mama," mama akajibu, na hakuwa anadanganya.

Baba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kurudi nyumbani amechoka na kukuta mke, mti, na mtoto bubu, wote watatu wakimtazama. Safari moja alikula bukari, yaani ugali wake, akanawa, akasema alichokuwa amekifikiria njia nzima kutoka Kabalo.

"Philomène, mutoto huyu hana wenzake. Nikirudi safari hii kama hajasema, nitamupeleka kwa mama yangu Kabalo. Kule nyumba imejaa watoto. Atasema tu."

"Na mimi, Papa Bertille?"

"Wewe utabaki na huyu mwengine," akasema, akionyesha mti kwa kidevu. Akachukua mfuko wake akaenda steshoni.

Mama alilia, kisha akaanza kazi. Alinikalisha mbele yake akaniambia niseme mama. Niseme papa. Niseme maji. Niliangalia mdomo wake ukifunguka na kufungwa, halafu nikageuka kumwangalia Kabange, nikingoja ajibu, maana aliyekuwa anaongeleshwa siku zote ni yeye. Mama aliogopa kuliko siku zote. Alifikiri Kabange amenifunga ulimi kwa wivu, akaanza kumpaka mawese maradufu na kumwomba radhi.

Alasiri moja nilikuwa nimelala, au alidhani nimelala. Akatoka na beseni kwenda bombani, akafika njiani akakumbuka amesahau sabuni. Aliporudi alisikia mtu anaongea ndani ya nyumba. Sauti ndogo, ya kukemea kidogo. Akasimama mlangoni na beseni kichwani.

"Kabange, kula. Toa mwiba kwanza. Kabange, mvua inakuja, papa bado. Bertille ameota jino. Bertille amemwaga maji, mubaya huyu. Lala sasa. Lala."

Nilikuwa nimemlaza Kabange mapajani nikimpaka mawese masikioni.

Mama alisema furaha ilimpanda, kisha ikageuka uchungu. Mtoto alikuwa na maneno yote. Alikuwa nayo kwa muda gani, Mungu ndiye anajua. Hakuna hata moja lililokuwa la kumwambia mama. Lakini ningelitoa wapi neno lake, wakati yeye hakuwahi kunipa langu? Katika nyumba ile watu walitazamana na mti uliongeleshwa, na mimi nilijifunza nyumba ile kama ilivyo.

"Bertille," akaita.

Nikafunga mdomo.

Kesho yake alifanya kosa la pili. Alimficha Kabange ndani ya sanduku la nguo, akidhani nikimkosa nitamgeukia yeye. Nilimtafuta chini ya kitanda, nyuma ya mtungi, kwenye majivu. Nikalia bila neno hata moja, nikakataa uji, nikakataa dagaa, nikaenda kukaa juu ya mkeka pale Kabange alipokuwa analala. Siku iliyofuata sauti yangu ilikuwa imekauka, na treni ya baba ilikuwa inangojwa kesho yake.

Kuanzia hapa sihitaji kusimuliwa, kwa sababu hapa ndipo kumbukumbu yangu inapoanza. Namwona mama anamtoa Kabange sandukuni. Namwona anamvua kile kitambaa chake na kumweka Kabange kando, ukutani, kwa upole. Kisha anajilaza yeye pale kwenye mkeka, mtu mzima mwenye miguu mirefu inayofika sakafuni, anajifunika kifuani kitambaa kidogo cha Kabange, ananyoosha mikono ubavuni, ananyamaza. Hakunitazama. Alitazama bati juu.

Nilimzunguka. Nilimgusa mguu. Mwanga wa mlangoni ulikuwa umeangukia tumbo lake na lilikuwa linapanda na kushuka, jambo ambalo Kabange hakuwahi kufanya, na hilo lilinipa mashaka. Nikaenda nikaleta kopo la mawese. Nikampaka kwenye paji la uso, nikampaka masikio, la kulia na la kushoto, kama inavyotakiwa. Machozi yalikuwa yanatiririka kuelekea masikioni na kuharibu kazi yangu, nikayafuta.

"Mama," nikasema. "Usilie. Papa anakuja."

Hakujibu. Naona alikuwa anaogopa akijibu nitanyamaza. Basi nikaendelea na yale yanayosemwa mtu anapolala pale.

"Mama, kaa na Bertille. Bertille eko peke yake."

Hapo ndipo aliposhindwa. Alinivuta nikaanguka juu ya kifua chake na mawese yangu yote, na kwa mara ya kwanza ninayoikumbuka nilisikia sauti ile ikinijia mimi, usoni, na pumzi yake ya joto.

"Niko, Bertille. Niko na wewe. Niko, mutoto wangu."

Baba alipofika, alichuchumaa mlangoni kabla hajavua viatu akaniuliza kama nitakwenda naye Kabalo kwa nyanya. Nilijificha nyuma ya kikwembe alichojifunga mama kiunoni.

"Bertille anakaa na mama," nikasema.

Akamtazama mama. Mama akatazama pembeni, maana hakutaka aonekane ameshinda. Baba alivua viatu akakaa, na habari ya Kabalo haikutajwa tena.

Tangu siku ile kazi tuligawana: mama aliniambia mimi, na mimi nikamwambia Kabange. Kwa muda mrefu niliendelea kujiita Bertille, kama vile Bertille ni mtu mwingine aliyekaa karibu. Shuleni walinicheka. Wenzangu wa kucheza walikuja wachache, wakachelewa, na mpaka leo nikiwa katikati ya watu huwa nahisi nafasi tupu ubavuni, upana wa mtoto mmoja.

Mama alifariki mwaka jana, msimu wa kiangazi. Nyumba ya Kataki ninakaa mimi. Nina mtoto wa kiume wa miezi mitano, baba yake yuko Manono na anarudi anapotaka. Jana mtoto alikaa bila kushikwa, akatikisika, akakaa tena. Nilitaka sana kukimbia ndani kuwaambia, Kabange na mama, wote wawili hawaoni na wote wawili ni wa kuambiwa. Nikajizuia. Nilikaa chini pale sakafuni, nikamtazama mwanangu machoni, nikamwambia yeye kwanza kwamba amekaa.