Funguo Ndani ya Kitambaa

...na hodi hii ya pili nayo haijaitikiwa, basi fundi huyu anajitia hamnazo tena, anajua fika aliye mlangoni ni mwenye nyumba, na Mama Muhuri akabaki amesimama mbele ya chumba namba tatu, mkono wa kulia umekunjwa ngumi hewani, wa kushoto umeshika barua, na funguo zote za nyumba, kumi na nne, zimeviringishwa ndani ya kitambaa chake cha kichwa na kubanwa kwapani zisilie, maana leo alikusudia kumfumania fundi saa na paka wake, leo hakuna kukana, siku saba awe amehama, barua inasema hivyo na imepigwa muhuri. Kila kitu chake kilipigwa muhuri. Miaka ishirini na sita ya ukarani wa masjala haimtoki mtu hivi hivi, hata zamu za kufagia ua alizibandika ukutani zikiwa na muhuri, ndiyo maana wapangaji wakampa jina hilo, wanadhani halijui, analijua sana, wala halimchukizi... na kanuni ya tisa aliichapa kwa vidole vyake mwenyewe, hakuna kufuga mnyama, awe wa manyoya, wa mabawa au wa magamba, mwaka ule mpangaji wa chumba cha tano alipomfungia mbwa wake siku tatu nzima na mbwa akautafuna mlango mpaka ukabaki vumbi la mbao, mlango wa mninga jamani, sasa leo amwonee huruma nani, na yule msusi wa chumba cha sita amekwisha mwekea masharti, mama, manyoya yamejaa kwenye taulo zangu za kazi, wateja wanapiga chafya, ama paka aondoke ama niondoke mimi, chagua, naye msusi mwenyewe anawasha jiko la mkaa chumbani kinyume cha kanuni ya sita, lakini hilo ni la siku nyingine.

Mara mbili alikuja na mara mbili akaondoka mikono mitupu. Hajamaliza hata hodi ya kwanza, mlango wazi, fundi amesimama anatabasamu, karibu mama, karibu ndani, kitanda kimetandikwa, sakafu safi, isipokuwa mfuniko wa sufuria wenye maziwa kando ya meza, na alipouliza haya maziwa ya nani, fundi akajibu bila kupepesa macho, yangu hayo mama, vikombe vyangu vimevunjika, na ili ajulikane kuwa hasemi uongo akauinua mfuniko akanywa, mbele yake, mzee mzima na mvi zake, mpaka tone la mwisho. Nani anampa habari kwamba ninakuja, alijiuliza wiki nzima, akamshuku huyu, akamshuku yule, mpaka jana akipiga pasi funguo zikaanguka mezani, zikalia, akajicheka mwenyewe, kumbe msaliti namtembeza kiunoni. Ndiyo kisa cha kitambaa. Sasa kimya hiki nacho ni cha nini, mtu yumo, kivuli kinapita chini ya mlango, hodi mbili na bado, ile dharau yake ya zamani imerudi...

"Wewe, toka juu ya springi zangu," ikasema sauti ya fundi ndani, na Mama Muhuri akashtuka, si kwa maneno bali kwa ukubwa wake, mtu anamwambia paka aliye hatua mbili tu kama anamwita mtu ng'ambo ya barabara, haya, umekamatika fundi, nimekusikia kwa masikio yangu, sasa ni kusukuma mlango tu... "Unatikisa sikio tu, kisha unalala leo. Hakuna mtu basi? Haya, kama hakuna mtu lala. Lakini siku mama yule akija nawe umelala hivyo tumekwisha, mimi sisikii kitu, wewe ndiye masikio yangu, unajua hilo." Mkono ukashuka wenyewe. Sisikii kitu. Hodi mbili, na ya pili aliigonga kwa nguvu hata kifundo cha kidole kikauma... "Wengine wakija unawakimbilia mlangoni, yeye akija unaingia chini ya kitanda, ndipo nijue ni yeye. Usimwogope. Si mtu mbaya, ana funguo nyingi tu."

Ana funguo nyingi tu... tangu lini, tangu lini hasikii, mwaka juzi alimwandikia onyo, kutofungua mlango unapobishiwa hodi ni kumdharau mwenye nyumba, muhuri hapa, muhuri pale, fundi akaipokea kwa mikono miwili, akaisoma yote, akasema nimekosa mama, na tangu mvua zilizopita anafungua upesi, yeye akajipongeza, akamwambia msusi unaona, barua inafunza adabu, kumbe si barua, ni paka. Na siku ya bomba, alipomwita mara nne ua mzima unasikia, fundi maji yanamwagika, fundi, naye akaendelea kuchutama ameupa ulimwengu mgongo, akamwita jeuri mbele za watu, na watu wakacheka, na fundi alipogeuka akawakuta wanacheka akacheka nao, bila kujua anachekwa yeye. Kwa nini asiseme, sema tu fundi, mtu unasema... aseme apate nini, nani atampelekea saa fundi asiyeisikia ikigonga. Halafu ile meza yake ya pembeni ya barabara, saa za watu anazitia mdomoni, anazing'ata, macho kafumba, yeye na msusi wakipita hawana mbavu kwa kucheka, anaonja kama ni dhahabu, na Mama Muhuri pale pale mlangoni, bila kuamua, akauinua mkono wake mwenyewe, akaibana kwa meno saa aliyopewa kazini siku ya kuagwa, chuma baridi, na mlio ukapanda kutoka kwenye jino mpaka kwenye taya mpaka katikati ya kichwa, tik, tik, wazi kabisa, wazi kuliko ulivyowahi kusikika sikioni. Aibu ikampata, ya moto, ikamtambaa shingoni.

Chini ya kitanda... yeye pia alikuwa na kitu chini ya kitanda. Miaka ishirini na miwili alikuwa nayo, mume zamu ya mchana, na mwenye nyumba wao alikuwa ameshasema tangu siku ya kwanza, sipangishi wenye watoto, watoto wanachora kuta, nao wakaitika, hatuna mtoto, mzee, na mtoto yupo, miezi saba, ndani ya kapu la nguo, na kila funguo za mzee yule zilipolia ukumbini kapu linaingia uvunguni na shuka linashushwa, na mtoto ananyamaza. Hakufundishwa. Alikuwa akisikia funguo tu anaacha hata kunyonya kidole, na yeye mama mtu akajivuna, mwanangu ana akili, tazama alivyo na akili. Na binti huyo sasa ana watoto wake, akija kumsalimia wanakaa wanazungumza vizuri, na ikifika saa ya kufunga geti Mama Muhuri anainuka, anazichukua funguo mezani, na binti anakatika katikati ya sentensi, na ukimuuliza ulikuwa unasema nini mwanangu, anasema sijui mama, nimesahau, na yeye miaka yote hii akiita ni heshima... si heshima ile, ni kapu, bado yumo kapuni, na funguo ni zangu.

Msusi atapewa kamba yake ya kuanikia upande wa pili wa ua, na akinuna tutakumbushana kanuni ya sita. Mlango ulikuwa bado umefungwa, rangi yake ya kijani imebanduka kwenye kitasa, atakuja kuupaka. Ndani fundi alikuwa akimsimulia paka habari za saa fulani yenye ukaidi, kwa sauti ile ile kubwa ya mtu anayejiona peke yake. Mama Muhuri akarudi nyuma taratibu mpaka kwenye bomba, akafungua kitambaa, akazitoa funguo, na pale zilipokuwa akaikunja barua akaifunga humo, muhuri kwa ndani. Kisha akaanza kuja upya, kama ndiyo kwanza anaingia uani, funguo mkononi zinalia. Ndani, kishindo kidogo cha miguu minne ikitua sakafuni. Kiti kikasogea. "Ahaa, nimekuona, nimekuona," ikasema sauti, "haya, ingia uvunguni." Mama Muhuri alifika mlangoni lakini hakubisha hodi, alisimama tu akiendelea kuzitikisa, polepole, mpaka paka apate muda wa kufika chini ya kitanda.