Bao Lililotiwa Tiki

Mwalimu Stambuli alizisoma taarifa za mashindano kama mpishi mwenye haraka anavyoonja mchuzi: tone moja kiganjani, uso ukakunjwa, basi.

"Mchuzi mbovu humalizi sufuria ndipo uujue," alimwambia Mbarak, katibu wa chama, akaiangusha taarifa ya tatu chini ya benchi. Hakuwa amefika hata katikati ya ukurasa.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mwaka wa tisini na moja, kwenye baraza ya kinu cha posho kilichofungwa kule Bofu, Likoni. Hapo ndipo Chama cha Wapenzi wa Bao kilipokutana kwa miaka, na hapo ndipo kilipobuni mashindano yake ya kwanza ya kuandika. Kila atakaye aandike taarifa ya bao moja, alilocheza au alilolishuhudia, tangu kete ya kwanza hadi ya mwisho. Taarifa bora ingewekwa ukurasa wa mbele wa kijitabu cha chama, nacho kingepelekwa Kisauni, Changamwe hadi Lamu, ili watu wajue kwamba Likoni nako kuna mafundi.

Fundi, kusema kweli, alikuwa mmoja tu. Jina hilo halipigiwi kura. Wacheza bao humpa mtu kwa sababu ya ushindi mmoja ambao kila mtu anausimulia, na ushindi wa Stambuli ulikuwa ule wa mwaka wa themanini na tatu, alipomfunga Nguma wa Mtongwe. Nguma alikuwa mpagazi wa bandarini, mtu wa maneno machache, na mwaka ule alikuwa ameifagia Likoni nzima. Siku aliyokutana na Stambuli baraza ilikuwa tupu. Watu wote walikwenda mazikoni, naye Stambuli alibaki kwa kuwa mguu ulimsumbua. Waliporudi walimkuta peke yake anapanga kete, akawaambia, "Nimemfunga. Hata kuaga hakuaga." Nguma hakukanyaga tena baraza ile, na hilo likawatosha watu kuwa ushahidi. Tangu siku hiyo Stambuli akaitwa Fundi, na jina lilimkaa vizuri kuliko kanzu yake ya Idi.

Ndiyo maana alipofanywa mwamuzi wa mashindano hakushangaa. Alishangaa tu kwamba walichukua dakika tano kuamua. Akabandika mlangoni mwa kinu taarifa ya mfano, kurasa nne, ili wajinga wajue namna ya kuandika. Aliipa jina "Jinsi Nilivyomtia Nguma Adabu," na ndani yake Nguma "hachezi bao, anapanda kunde," kisha anakimbia na jasho likimtiririka. Nguma mwenyewe alikuwa amezikwa mwaka mmoja kabla, kwa hiyo hakuleta malalamiko.

Masharti nayo aliyatunga yeye. La kwanza, taarifa ikisomwa, Mbarak na Ghalib waicheze upya ubaoni, kete kwa kete, maana ulimi huongopa lakini kete sitini na nne haziongopi. La pili, kila taarifa iwe na shahidi. Aliyaandika kwa kalamu nyekundu, kwa mwandiko ule ule aliosahihishia madaftari kwa miaka thelathini.

Kufikia saa nne masharti yalikuwa yamekwisha kuchinja watu tisa. Ishaka alimliza mpinzani wake tangu ukurasa wa kwanza, ikawa machozi matupu, bao halionekani. Randu alijiita simba mara kumi na moja. Wote, bila kukosa hata mmoja, walikuwa hoi karibu ya kufungwa, kisha wakafufuka. "Hiki si chama cha bao," alisema Mwalimu, "hiki ni kiyama."

Taarifa ya Ghalib ndiyo iliyomfurahisha zaidi, kwa namna ya paka anayefurahia panya. Ghalib, muuza boriti, rika lake na jirani yake, alianza na babu zake watatu, akapitia mawingu ya siku hiyo, na kwenye ukurasa wa tatu ndipo alipokumbuka kwamba kulikuwa na mchezo. Ilipochezwa upya ubaoni, kete zikaishia kuwa sabini na moja.

"Ghalib," alisema Stambuli taratibu, "hizi saba umezizaa weye?"

Baraza ikaangua kicheko. Ghalib akatazama chini, akawa anakwangua gamba la chokaa kwenye nguzo kwa ukucha.

Hapo ndipo alipoingia Kafedha, mjane wa Nguma, anayekaanga viazi vya karai pale njia panda. Alikuwa amejitanda leso, mkononi ana mfuko wa plastiki.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba," alijibu Stambuli, kisha akawageukia wenzake, maana hakupenda kupoteza nafasi. "Mtoro wangu huyu! Mwamjua? Alikuwa kwenye darasa langu la ngumbaru, nikimfundisha a-e-i-o-u mama mzima. Siku moja akakosa bila ruhusa, nikamsimamisha mbele ya wenzake, basi akanuna, hakurudi tena. Watu wazima hawafundishiki, wallahi."

Kafedha alisogea mbele. Alitoa karatasi moja mfukoni, akampa.

Juu iliandikwa kwa herufi kubwa, za duara, moja moja: BAO LA NGUMA NA MWALIMU.

Stambuli alihisi moyo ukimpiga kofi. Angeweza kuiangusha chini ya benchi pamoja na zile nyingine, lakini Mbarak alikuwa amekwisha kuchungulia juu ya bega lake, na Ghalib alikuwa ameinua kichwa kwa mara ya kwanza tangu zile kete saba. Akajituliza. Huyu mama hajui bao. Karatasi yake itakufa kwenye kete ya nne, na watu watacheka, na mambo yatakwisha. Akakohoa, akaanza kusoma kwa sauti ya kubana pua, kama anayemwigiza mtoto wa darasa la pili.

"'Mwalimu alianza. Alitakata kwenda kulia, hakula kitu. Mume wangu akala mbili, akasambaza kutoka kushoto, akalala, zamu ikaisha.'"

Mbarak akacheza. Ghalib akacheza. Ilikubali.

"'Kete ya tano Mwalimu alikula tatu. Alicheka.'"

Ilikubali. Stambuli akaacha kubana pua bila kujua kwamba ameacha.

Hakukuwa na simba kwenye karatasi ile, wala mawingu, wala machozi. Ilitaja shimo, kichwa, kete, na nani alifanya nini, na ubao ukawa unaitika kila mstari. Watu walisogea. Kwenye kete ya nane Stambuli alisoma, "'Mwalimu alifika nyumbani kwake, kwenye shimo kubwa. Angeweza kulala. Akaitoa nyumba yake safari,'" na hapo vidole vyake vikakumbuka. Alikuwa amezisahau kete zile kwa makusudi miaka minane, akaweka nyingine mahali pake, na zile za kubuni alikuwa amezisimulia mpaka zikaota mizizi. Lakini ile haraka ya kutawanya nyumba mapema, akitaka kumwonyesha mpagazi, aliikumbuka hata joto lake.

"Endelea, Fundi," alisema Ghalib.

"'Kete ya kumi na moja mume wangu alikula mara nne kwa mkupuo mmoja. Safu ya mbele ya Mwalimu haikubaki na kete. Mkononi mwake kulikuwa bado na kete kumi na moja. Bao likaisha.'"

Ghalib alikusanya, akaweka, akakusanya tena, akaweka ya mwisho. Safu ya mbele upande wa Mwalimu ikawa mashimo manane matupu. Ishaka, bila kuombwa, akahesabu kete zote za ubaoni na za mikononi: sitini na nne.

Hakuna aliyecheka. Kufungwa ni kufungwa, humpata kila mtu. Lakini kufungwa mkononi, kabla hujamaliza hata kuziingiza kete zako mchezoni, ni aibu wanayofanyiwa wanaojifunza. Mtu aliyefungwa hivyo hapewi ufundi.

"Uongo!" alisema Stambuli. Alisikia sauti yake imepanda kupita kiasi, akaishusha. "Masharti ni masharti. Shahidi yuko wapi? Wewe hukuwapo. Mumeo marehemu, Mungu amrehemu. Miye nami nasema sivyo. Mtu yeyote aweza kukaa chini leo akapanga kete zikakubali."

"Sikuandika leo, Mwalimu," alisema Kafedha. "Leo nimenakili tu. Kila alipotoka kucheza, mume wangu alikuja nyumbani akalicheza tena bao lote kwenye mashimo ya uani, nami nikaandika. Ndiyo ilikuwa kazi yangu ya ngumbaru. Ulituambia, andikeni mlichokiona nyumbani, msiongeze chumvi." Akatia mkono mfukoni, akatoa daftari lenye jalada lililofifia. "Bao hili niliogopa kuliandika. Yeye akaniambia, andika, atakayesoma ni Mwalimu peke yake, na yeye analijua. Ila usimwambie mtu mwingine, ana wanafunzi wengi, usimvunjie heshima. Basi nimenyamaza miaka minane. Ningenyamaza hata leo, kama usingebandika zile kunde mlangoni."

Akafungua daftari kwenye ukurasa uliokunjwa pembe, akaliweka juu ya ubao, katikati ya kete. Herufi kubwa, za duara, moja moja. Bao lile lile, tangu kutakata hadi kete kumi na moja za mkononi. Na juu yake yote, kutoka kona hadi kona, tiki moja ndefu ya kalamu nyekundu, na pembeni: *Vizuri. Endelea. Stambuli, 14/9/83.*

Mbarak alivaa miwani. Akatazama daftari, akatazama masharti yaliyobandikwa mlangoni, akarudi kwenye daftari. Mwandiko haukuhitaji shahidi mwingine.

Aliyesema alikuwa Ghalib, naye alisema kwa upole mkubwa, upole wa mtu aliyezaa kete saba mbele za watu asubuhi ile ile.

"Fundi. Ulisoma au hukusoma?"

Stambuli aliona njia mbili tu. Kama alisoma, basi alijua kwamba amefungwa, akatia saini, kisha akawadanganya miaka minane. Kama hakusoma, basi yeye ni mwalimu wa kutia tiki gizani, na taarifa zile tisa zilizolala chini ya benchi zilihukumiwa na nani? Hakukumbuka kabisa kuliona daftari hilo. Alikumbuka tu rundo la madaftari ya watu wazima, kila Jumatano, na kalamu inayokwenda kama ufagio. Kuuacha ufundi kuliuma. Lakini ualimu ulikuwa miaka thelathini, ulikuwa salamu anayopewa na nusu ya Likoni kila atokapo nyumbani. Akachagua. Na kwa kuwa alikuwa Stambuli, akachagua kwa madaha.

"Nilisoma," alisema, akinyoosha kola. "Bila shaka nilisoma. Nikanyamaza kwa hekima. Nilitaka kuona chama hiki kitachukua miaka mingapi kuvumbua jambo lililo wazi."

Mtu mmoja nyuma alitoa sauti ndogo puani. Stambuli alijifanya hakuisikia. Alikuwa karibu kuamini alichokisema, na pengine, angepewa wiki moja, angekiamini.

"Ulisoma lote?" aliuliza Kafedha.

"Lote."

"Basi wasomee na mstari wa chini, Mwalimu. Sikuunakili kwenye ile karatasi, maana si wa bao."

Ulikuwapo mstari, chini kabisa, umepitiwa na mkia wa tiki. Stambuli aliinamia daftari. Alisoma kwa sauti kwa sababu wote walikuwa wakimngoja, na kwa sababu hakujua namna ya kutokusoma.

"'Mwalimu, naomba ruhusa Jumatatu. Nampeleka mtoto hospitali, hapumui vizuri. Naomba kwa kuandika kama ulivyotufundisha. Mwanafunzi wako, Kafedha.'"

Tiki ilikuwa imepita katikati ya neno *hapumui*.

"Ulisema mtu aliyejua kuandika haombi ruhusa kwa mdomo kama mtoto," alisema Kafedha. "Nikaandika. Uliponirudishia daftari nikaona tiki, nikafurahi, nikajua umenipa. Jumatano niliporudi ukanisimamisha mbele ya watu, ukasema mtoro. Nikajua hukusoma. Nikajua hata lile bao hukulisoma. Nikaona, sasa naandika kwa ajili ya nani?"

Mwalimu Stambuli aliinua macho kutoka daftarini. Akauliza swali ambalo hata yeye alilisikia limechelewa.

"Mtoto aliendeleaje?"

"Alipona," alisema Kafedha. "Hakungoja ruhusa yako."

Akalichukua daftari lake, akapangusa vumbi la ubao kwa pembe ya leso, akalirudisha mfukoni. Ile karatasi aliiacha. Mbarak aliitazama, akamtazama mwamuzi, akauliza kwa shida nani awekwe ukurasa wa mbele. Stambuli akaelekeza kidole kwenye karatasi. Mbarak akaandika. Kafedha alikuwa amekwisha kushuka ngazi, karai lake lingeungua.

Ishaka akainuka, akaibandua mlangoni ile taarifa ya kurasa nne, akaiweka chini ya benchi pamoja na zile nyingine. Ghalib akaanza kuzipanga kete upya kwa mchezo mwingine. Stambuli alikuwa bado amekaa upande wa mashimo matupu. Ghalib alifungua kinywa kumwita Fundi, akasita. Akajaribu Mwalimu, nalo likamkwama. Mwishowe akatumia jina lililobaki, lile alilompa mamake.

"Stambuli," alisema, "sogea kidogo. Watu wanataka kucheza."