Gari Lililogoma Nyumbani kwa Mkwe

Jibu la Mzee Johana lilikuwa fupi: "Tutawapigia simu." Alilitoa bila kuuliza namba ya mtu yeyote, kwa hiyo wageni wake wawili walielewa.

Onyiego, Mkisii na fundi wa umeme katika kiwanda cha majani chai upande wa Kedowa, alikuwa amekuja Roret kumposa Chelangat, binti wa mzee. Aliandamana na baba yake mdogo, Obure, kwa sababu ziara ya kwanza haihitaji watu wengi na kwa sababu Obure ndiye mwenye gari. Mzee hakuwa na neno juu ya kijana mwenyewe, wala juu ya Wakisii. Tatizo lake lilikuwa mafundi. Katika miaka yake sitini na minane hakuwa amepata kukutana na fundi anayesema ukweli kuhusu muda. Mashine yake ya kukatia nyasi ilifunguliwa mwezi wa pili na mtu aliyesema "dakika tano". Sasa ulikuwa mwezi wa tisa.

Maombi ya kufunga kikao yalikwisha. Wageni wakaombewa safari njema na kusindikizwa hadi garini, na Caren, mama wa nyumba, akawapungia mkono. Obure akazungusha ufunguo. Gari likasema ta-ta-ta-ta-ta, kisha kimya.

Caren aliendelea kupunga kidogo, halafu akashusha mkono.

"Ni mafuta," alisema Obure.

"Ni baridi," alisema Mzee Johana.

Kimeli, kaka yake Chelangat, alikuwa tayari ameegemea gari kwa nyuma. "Tusukume! Hapo kwa mteremko itashika." Alikuwa na bidii ya mtu anayetaka wageni waende.

"Hii ni otomatiki," Onyiego alimwambia. "Hata ukiisukuma mpaka Kapkatet haitawaka. Itafika tu."

Aliomba taa za mbele ziwashwe, kisha ufunguo uzungushwe tena. Ta-ta-ta, na taa zikafifia hadi zikazimika. Hilo lilimtosha: starta, mota ya kuwashia injini, ilikuwa inaita umeme, na umeme haufiki. Akafungua boneti. Vichwa vya betri vilikuwa vimeota unga wa kijani na mweupe.

"Baba, hapa palisafishwa lini?"

"Hiyo ilikuja hivyo kutoka Japani."

"Na redio umeizima saa ngapi?"

Obure alikohoa. "Niliiacha chini chini tu. Nyimbo za kwaya. Nilitaka wajue sisi ni watu wa kanisa."

Walikuwa wamekaa ndani kwa muda wa saa tatu.

Onyiego aliomba maji ya moto ya kuyeyusha ule unga. Caren alimtazama kama mtu aliyeombwa mchanga. "Maji ya nini na chai iko?" Zilikuwepo thamosi nne, zote za chai ya maziwa. Onyiego alipima jambo hilo. Maziwa na sukari havina faida kwa betri, lakini moto ni moto, na angeweza kusuuza baadaye. Akafungua waya, akamimina chai. Kisha akatafuta brashi. Kando ya mlango wa jikoni palining'inia ufito wenye nyuzi ngumu nchani, ukubwa uleule aliouhitaji. Akauchukua.

Yowe la Caren lilisikika mpaka barabarani.

"Sosiot yangu! Hiyo ni ya kuosha vibuyu vya maziwa ya mursik! Unataka tunywe betri?"

Chelangat, ambaye mchana kutwa alikuwa ameagizwa akae jikoni na anyamaze, alimpokonya Onyiego ule ufito na kumpa mswaki.

"Huo ni wangu!" Kimeli alilalamika.

"Ulikuwa wako," alisema dada yake.

Vichwa vya betri vikang'aa, lakini redio ilikuwa imekunywa sehemu kubwa ya umeme. Kimeli akaleta pikapu yake ya maziwa, Onyiego akaunganisha betri mbili kwa waya, na gari likawaka mara moja. Watu wakapiga makofi. Kimeli akakunja waya wake, akaondoka mbio kupeleka maziwa.

"Baba, usizime," alisema Onyiego. "Betri haina kitu. Twende hivyo hivyo."

"Nimesikia."

Ni kweli alisikia. Lakini Obure alilelewa kuamini kwamba mtu hawaagi wakwe akiwa ameketi ndani ya gari linalonguruma. Akazima, akashuka, akavua kofia, akashukuru kwa maneno mengi. Aliporudi kwenye usukani, gari lilisema ta. Moja tu.

Mvua ya saa kumi ikaanza. Wote wakamgeukia Onyiego. Obure akamnong'oneza, "Sema dakika tano, kijana yangu. Usituaibishe mbele ya watu."

Onyiego alifuta mikono.

"Mzee," alimwambia Johana, "haiwaki."

"Dakika ngapi?"

"Hakuna dakika. Pikapu ikirudi, itawaka. Isiporudi, tutalala Roret. Na hata ikiwaka, betri hii imezeeka, haifikishi mwisho wa mwezi."

"Hutajaribu kitu?"

"Hakuna cha kujaribu."

"Hata kugongagonga kidogo?"

"Naweza kugonga, Mzee, ukitaka kuniona nikigonga."

Obure alifumba macho. Mzee Johana alisimama mvuani akimtazama kijana huyo, kisha akalitazama gari, kisha akamtazama tena kijana.

"Ingieni ndani," alisema hatimaye. "Caren, hayo maombi ya kufunga hatutayahesabu."

Waliketi palepale walipoketi mwanzo, nguo zikidondosha maji. Chelangat akasimama mlangoni, na safari hii hakuna aliyemfukuza. Mzee akajifuta uso, akamwelekea Obure, akauliza swali ambalo Mkipsigis kama yeye huliuliza kwanza anapotaka kumtoa binti yake, na ambalo kwa saa tatu nzima hakuwa ameligusa.

"Haya. Ninyi ni wa ukoo gani?"

Obure, aliyekuwa amejiandaa kwa swali hilo tangu Jumatatu, akavuta kiti mbele na kuanza na babu wa babu yake.