Nilisema Atarudi Masika

Mimi sikuitaka picha ya pili. Nalisema mapema ili usije ukanichanganya na wale waliojitia baadaye kwamba walikuwa na imani nayo tangu mwanzo. Waongo hao. Wanawake wote wa Dodoma waliokuwa na tabia ya kwenda sinema hawakuitaka, na katika wote hao mimi ndiye niliyepiga kelele zaidi. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na sababu zao za wazi, na mimi nilikuwa na yangu ambayo sikumwambia mtu.

Kila Jumatano saa tisa mchana, sinema ya Kamrudin kule Uhindini ilikuwa yetu wanawake. Mwanamume pekee aliyekuwemo ni mzee Fakhruddin, naye alikuwa juu kwenye chumba cha mashine, haruhusiwi kuteremka mpaka tumalize. Nargis, mke wa Kamrudin, alikaa mlangoni kukata tikiti. Ndani walijaa wake wa Kihindi na watoto wao wachanga, na sisi wa Majengo na mabuibui yetu, ambayo tuliyavua tukayakalia. Bati lilitupika kama mihogo. Hakuna aliyejali.

Picha za Kihindi alizifasiri Nargis. Za Kiingereza nilizifasiri mimi, nikikaa kiti cha mbele na kugeuka kila mara kuwaambia wenzangu kinachosemwa. Kiingereza changu nilikipata uyayani, miaka sita nyumbani kwa Mzungu wa reli, nikilea watoto wake baada ya mume wangu kuniacha. Mji haukuupenda uyaya ule. Walisema Mishi amezoea kula na mbwa wa Wazungu. Lakini tangu nianze kukaa kile kiti cha mbele, hata sokoni nilipishwa njia. Wakubwa kwa wadogo waliniuliza, "Jumatano kuna nini?" Nilikuwa mtu mbele za watu, na utamu wa jambo hilo haujui asiyewahi kulikosa.

Picha ya kwanza ilikuja mwaka hamsini na moja. Ilikuwa habari ya tarishi wa posta na mbuni. Tarishi alikuwa mtu kweli, ana jasho, na kifungo kimoja cha koti kimekatika. Mbuni alikuwa wa kuchorwa, wino na rangi tupu, na bado walitembea pamoja barabara moja, tarishi akamwegemea shingo, mbuni akameza barua ya ushuru na kukataa kuitapika. Hata kivuli cha yule mbuni kilianguka chini kama cha kiumbe. Stara, jirani yangu, aliapa kwamba yule ni jini.

"Jini hana haja ya kubeba barua za watu," Bi Mwanaharusi akamjibu.

Bi Mwanaharusi ndiye aliyenilea mama yangu alipofariki. Ni mama mwenye mkono mpana na ulimi mfupi, na kitu asichokisamehe ni uongo. Rafiki yake wa ujana alimkana sinia aliloazima, na mpaka leo wakikutana msibani hawapeani mkono. Mimi alinifundisha Kurani na kupika, na nilipoachwa ni yeye aliyenifungulia mlango bila kuuliza nani alikosa.

Basi mwisho wa picha ile, tarishi akahamishwa. Akapanda treni. Mbuni akasimama pale stesheni, shingo imepinda, na tarishi akatoa kichwa dirishani akamwambia maneno machache. Niliyasikia vizuri sana. Alisema, "Mimi sitarudi tena. Usinisubiri."

Ukumbi mzima ulikuwa unalia, Wahindi na Waswahili, na wachanga nao wakalia kwa kuona mama zao wanalia. Mwaka ule Athuman, mwana wa pekee wa Bi Mwanaharusi, alikuwa ameondoka kwa treni kwenda machimbo ya Kongo, na katika miezi kumi na mmoja alileta barua moja tu. Bi Mwanaharusi alinishika kifundo cha mkono, akanibana hata nikaumia.

"Anasemaje, Mishi? Atarudi?"

Nikasema, "Anasema atarudi masika."

Sikupanga. Yalitoka tu. Nikasikia ukumbi wote ukishusha pumzi, taa zikawaka, na watu wakatoka wanafuta macho na kucheka.

Uongo wangu ungekufa hapo kama uongo mwingine wowote. Lakini Athuman akarudi! Tena akarudi masika yaliyofuata, ana baiskeli na mke Mkongo, na Bi Mwanaharusi akamwambia kila aliyekuja kumpa mkono, "Wangu amerudi masika, kama alivyosema yule tarishi." Ikawa neno la mji. Mtu mumewe akisafiri, wenzake humwambia, "Nyamaza, atarudi masika." Na mimi kila nikilisikia nilihisi nimemeza mfupa. Njia ya mwongo ni fupi, sikatai, lakini yangu ilikuwa imefika miaka minne, na kila siku nilikuwa nangojea mwisho wake.

Mwaka hamsini na tano, mwezi wa sita, vumbi la Dodoma likiwa limeshapanda, Nargis akabandika tangazo jipya ukutani. Tulikusanyika hapo kama tumeitwa na Bwana Shauri wa serikali. Mbuni alikuwa amerudi, ila kumbe amevishwa viatu.

"Viatu!" Stara akasema. "Mbuni na viatu wapi na wapi? Na mbona amenenepa?"

"Huyu siye," akasema mwingine. "Yule alikuwa na macho ya huruma. Huyu ana macho ya mwanamke anayedai."

Pembeni ya mbuni alisimama mwanamume mwenye masharubu ambaye hatukumjua. Tarishi hakuwepo kabisa. Hilo ndilo lililoniweka roho juu. Kama tarishi hayumo, basi hajarudi, na mtu atauliza kwa nini hajarudi, na picha yenyewe itajibu. Huenda ikajibu waziwazi, kwa kuonyesha, hata asiyejua neno la Kiingereza aelewe kwamba yule bwana aliaga moja kwa moja. Akilini nikaona uso wa Bi Mwanaharusi ukinigeukia kama ulivyomgeukia yule rafiki wa sinia.

Basi nikaanza kampeni. "Kitu kikiisha vizuri kiachwe," nikawaambia. "Mnataka nini tena? Pilau ikiiva, huirudishi jikoni." Nikapita nyumba hadi nyumba Majengo nzima nikisema hivyo. Nikamfuata Nargis pale sinema.

"Dada Nargis, hii picha itawatia hasara. Watu wameikataa."

"Mishi, mkanda umeshapanda treni Dar es Salaam," akanijibu. "Kamrudin hawezi kuurudisha. Na wewe siku zote unapenda picha. Leo una nini?"

"Naipenda ya kwanza," nikasema. "Ndiyo sababu."

Akanisifu kwamba nina moyo wa kweli wa kupenda. Nilitamani ardhi inimeze.

Kampeni yangu ilifaulu kupita kiasi, na hapo ndipo ilipovunjika. Jumatatu jioni, barazani kwa Bi Mwanaharusi, wanawake wote walikubaliana kwamba picha ya pili ni takataka, kwamba wamemharibu mbuni, kwamba hawa watengenezaji hawana adabu. Bi Mwanaharusi alikuwa anachambua mchele. Akaweka ungo chini.

"Tutakwenda," akasema.

"Mama, si umesema wamemharibu?" nikamwuliza.

"Ndiyo. Tutakwenda tukaone walivyomharibu. Utamsemaje mtu kwa kitu hukukiona?"

Hakuna aliyempinga. Ndivyo walivyo watu wanaopenda kitu: hawawezi kukaa nyumbani kikiharibiwa.

Jumatano sinema ilijaa mpaka ngazini. Mashine ilikuwa moja tu, kwa hiyo kila mkanda ulipokwisha taa ziliwashwa, mzee Fakhruddin akavalisha mwingine, na sisi tukapata nafasi ya kugombana. Mkanda wa kwanza ulikuwa mbaya, sitawatetea. Yule bwana wa masharubu alikuwa mwuza saa, mbuni akimtumikia dukani na viatu vyake, na hakuna lililochekesha. Nilifasiri bila chumvi. Watu wakaguna. Taa zilipowaka Stara akasema, "Nani alisema tuje?" na wote wakamtazama Bi Mwanaharusi, naye akatafuna karanga zake.

Mimi nilianza kupumua. Iwe mbaya hivyohivyo, niliomba, iwe mbaya mpaka mwisho, tutoke hapa tukiitukana, na tarishi asitajwe.

Mkanda wa pili, mbuni akavua viatu. Akavitupa kimoja kimoja kwenye kapu la takataka, akatoka dukani pekupeku, akarudi kwenye ile stesheni ya zamani. Ukumbi ukapiga makofi. Shingo yake ilipopinda vilevile kama zamani, mtu nyuma yangu akasema kwa sauti ya kuvunjika, "Ndiye! Ndiye huyu!" Nami, pamoja na hofu yangu yote, nilifurahi kumwona. Taa zikawaka, na safari hii hakuna aliyegombana.

Bi Mwanaharusi akaniinamia. "Anamngoja," akasema.

"Naona, mama."

Mkanda wa tatu ulianza na mvua. Wazungu kwao mvua hunyesha ovyo, haina msimu, lakini sisi wa Dodoma mvua tunaijua kwa wakati wake, na wanawake hawakuhitaji kufasiriwa. "Masika!" wakapiga kelele. "Masika hayo!" Treni ikaingia katika mvua ile, moshi na maji, mlango ukafunguliwa, na akashuka tarishi. Ni yeye mwenyewe. Amezeeka kidogo, koti lilelile.

Sijawahi kusikia vigelegele kama vile, hata harusini. Mama wa Kihindi aliyekaa karibu na mlango alisimama juu ya kiti. Stara alikuwa ananipiga mgongoni: "Si alisema! Si ulituambia!" Na mimi nikacheka na machozi yananitoka, kwa maana nilikuwa nimepona. Uongo wangu ulikuwa umekuja wenyewe kwa treni na kushuka mbele ya watu mia mbili. Sikuwa na la kuogopa tena.

Kisha tarishi akavua kofia katika mvua ile, akamtazama mbuni, akaanza kusema. Ukumbi ukanyamaza ili nisikie.

Alisema, "Nilikuambia sitarudi. Nilikuambia usinisubiri. Nilikosea."

Nilikuwa na maneno mawili matatu mazuri tayari mdomoni, ya salamu na ya mvua, na yangetosha. Nani angejua? Lakini yule bwana alikuwa amesimama analowa, anakiri kosa lake kwa ndege wa kuchorwa, asiye na damu, na mimi nina mtu wa nyama na mifupa kando yangu aliyeniamini miaka minne. Niliona haya. Siwezi kulieleza vinginevyo.

"Anasemaje?" Bi Mwanaharusi akauliza.

Nikageuka, nikawaambia wote, kwa sauti niliyoitumia siku zote. "Anasema: nilikuambia sitarudi. Nilikuambia usinisubiri. Nilikosea."

Juu ya kile kitambaa cheupe tarishi na mbuni wakawa bado wanatazamana.

"Alisema hatarudi?" Bi Mwanaharusi akauliza polepole.

"Ndiyo, mama. Ile siku alisema hatarudi kabisa."

"Na wewe ukatuambia atarudi masika."

"Ndiyo. Nilisema uongo. Nisamehe, mama. Nisameheni nyote."

Sikuthubutu kumtazama. Nilitazama mikono yangu, nikasubiri asimame atoke, na nilijua akitoka atatoka na wote. Nikamsikia anavuta pumzi.

"Lisemwalo lipo," akasema, "na kama halipo, laja. Kumbe wewe ulilijua hata kabla ya tarishi mwenyewe."

Stara ndiye aliyeanza kucheka. Kisha kicheko kikaenea kiti kwa kiti, mpaka Nargis mlangoni akauliza kwa Kigujarati kuna nini, akaambiwa, akacheka naye. Nilificha uso nikalia kwa sauti, kilio cha mtu aliyetua mzigo ambao hakuwa ameujua uzito wake, na Bi Mwanaharusi akanipa ncha ya kanga yake nifute pua.

"Haya, inatosha," akaniambia. "Mbuni anafungua mdomo. Anamjibu nini?"

Nikageuka, nikasikiliza, nikawaambia neno kwa neno.