Nafasi ya Dirishani

Chakula kilipopakuliwa, fundi viatu alivuta kiti chake, binti yake akavuta chake, na mama mtu akachukua sahani akaenda kula akiwa ameegemea mlango, kama alivyokuwa akila tangu aolewe. Hakuna aliyemwambia akae. Mwanzoni mwa ndoa fundi alimbembeleza mpaka akachoka, na mke naye alijaribu kweli, lakini kila alipoinama kuelekea kwenye kiti, magoti yalikataa katakata. Hata katika picha ya harusi iliyotundikwa ukutani, bwana harusi amekaa amekunja nne, na bibi harusi amesimama pembeni kama mlinzi wake. Kila mtu huja kwenye ndoa na lake, na la huyu lilikuwa hilo.

Kazi yake ilikuwa kukata vitambaa katika karakana ya nguo, kazi ya kusimama kutwa mbele ya meza ndefu, mkasi mkononi na chaki nyuma ya sikio. Wenzake wa cherehani walimwita Mlingoti, na hakuwachukia kwa hilo. Viatu vyake mumewe alivitia visigino vya raba ya tairi, nene, bila kuombwa. Usiku alilala vizuri tu kama watu wengine.

Jioni hiyo walikuwa wakizungumzia shule. Binti yao alikuwa amemaliza shule ya msingi. Nyumbani walimwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukuwa na likizo: alitaka kujua kwa nini gundi haigandi ndani ya kopo lake, kwa nini mbwa hapigi miayo mbele ya paka, nani aliamua wiki iishe Jumapili. Baba yake alikuwa akimjibu huku misumari ya viatu imejaa mdomoni, na majibu mengine aliyabuni papo hapo, basi mtoto anayashika na kwenda kuyatangaza mtaa mzima.

Shule ya kati ya serikali ilikuwa nyuma ya nyumba zao, karibu kiasi kwamba kengele yake ilisikika mpaka jikoni. Fundi aliitaka hiyo. Alisoma pale, alisema, na wala hakuharibika. Mlingoti naye alisoma pale, ila yeye hakuitaka, na akiulizwa sababu hakuwa nayo. Alichojua ni kwamba kila alipopita mbele ya lile geti nyayo zilimwingia baridi, hata jua likiwa la kuchoma.

"Naogopa, baba Chiriku," alisema pale mlangoni.

"Unaogopa nini?"

"Sijui. Naogopa tu."

Fundi akakuna kichwa. Kiatu akikuta kimetoboka alijua pa kuanzia, lakini hofu isiyoonyesha tundu lake ilimshinda. Wakakubaliana waende kuziona shule zote mbili, hiyo ya nyuma ya nyumba na ile ya binafsi kule kilimani, ndipo waamue. Fundi alikubali shingo upande, maana alijua ya kilimani ingewakamua mpaka tone la mwisho.

Walianza na ya kilimani. Sakafu zake ziling'aa hata ukaona aibu kukanyaga, na kila mtoto alikuwa amekaa, kiti chake mwenyewe, mgongo umenyooka. Mlingoti alichungulia darasa baada ya darasa na hakuona hata mtoto mmoja aliyesimama. Roho yake ikatulia kidogo. Alimuuliza mkuu wa shule, mwanamke mwenye sauti laini, kama pale watoto huuliza maswali. Mkuu akasema huuliza, kwa mpangilio, mwisho wa kipindi, na maswali huwa wamepewa tangu jana yake.

"Sisi hatusimamishi mtoto," akaongeza. "Anayesumbua tunamrudisha kwenu."

Fundi akauliza huko kwao ni wapi.

"Kwenye shule za mitaani huko," akasema mkuu, akawafungulia mlango wa kutokea.

Waliteremka kilima. Chiriku hakuwepo, lakini wote wawili walikuwa wakimsikia. Angemaliza wiki pale? Fundi aliona hata siku mbili ni nyingi.

Siku ya pili walikwenda kwenye shule ya nyuma ya nyumba. Mwalimu mkuu alikuwa mtu mwenye kitita cha funguo na macho ya mtu aliyekosa usingizi tangu aajiriwe. Aliwapitisha madarasani bila kuficha kitu. Rangi ilikuwa imebanduka, vioo vingine havikuwepo, watoto walikuwa watatu watatu kwenye dawati, na katika kila darasa, ukutani au pembeni ya ubao, walikuwepo watoto waliosimama. Hawa hawakuandika wala hawakusikiliza. Walisimama tu, mikono imenyooka ubavuni.

"Hao ni wa zamani," alieleza mwalimu mkuu. "Waliambiwa wasimame mpaka waambiwe kukaa, halafu hawakuambiwa. Mwalimu anahama, anastaafu, anasahau. Mtoto mwenyewe kengele ikilia anakwenda nyumbani kama kawaida, anakua, anaoa. Huyu wa kusimama anabaki. Madawati hawahitaji, hiyo ni nafuu, ila nafasi wanakula."

Mlingoti akamuuliza kama walimu bado wanasimamisha watoto. Mwalimu mkuu akasema hapana, ilikwisha kukatazwa zamani, na tangazo lipo ukutani. Akawaonyesha. Tangazo lilikuwepo kweli, lakini mbele yake alikuwa amesimama mvulana mrefu, na kutoka pale walipokuwa lilisomeka nusu tu.

Fundi aliangaza macho akijitafuta, hakujiona mahali popote. Akaona haya kidogo, kama mtu aliyenyimwa mwaliko. Halafu akakumbuka kwamba miaka yake yote pale hakuwahi kuuliza lolote.

Mlingoti alijiona katika darasa la mwisho, dirishani. Kwanza aliitambua kola. Ilikuwa kola ya duara, iliyokatwa kipande kimoja na bega, mkato ambao hakuna karakana inayoukata siku hizi kwa sababu unakula kitambaa. Halafu akaona kiwiko, pale mama yake alipotia kiraka kwa uzi wa kijani kwa kuwa wa bluu ulikuwa umekwisha. Msichana alikuwa na miaka kumi na mitatu na midomo yake ilicheza polepole, kama anayekariri kitu asikisahau. Kwenye mkono wake wanafunzi walikuwa wametundika mikoba yao. Walikuwa wamemzoea, na kila Ijumaa kiranja alimpangusa vumbi.

Mlingoti aliitoa ile mikoba, mmoja mmoja, akaiweka chini. Msichana akageuza macho.

"Mwalimu amerudi?" akauliza.

"Bado," akasema Mlingoti.

"Haya," akasema msichana, akaendelea kusimama.

Njiani kurudi nyumbani alimsimulia mumewe yote, kwa maana sasa yalikuwa yamerudi. Ilikuwa hesabu. Alitaka kujua kwa nini hasi mara hasi ikawa chanya. Mwalimu akamtazama, akatazama kitabu, akamwambia asimame pale dirishani mpaka atakapomwambia akae. Wiki hiyo hiyo mwalimu akahamishwa. Basi, hicho ndicho alichokuwa akikiogopa miaka yote. Hakujisikia nafuu kukijua. Aliogopa zaidi, maana sasa alimwona Chiriku pale dirishani waziwazi, na mikoba ya watu mkononi.

Fundi aliulizia kwa wateja wake, na fundi viatu akiulizia mtu hakosi kumpata. Yule mwalimu alikuwa amestaafu, amerudi mjini, anakaa nyuma ya tangi la maji. Mlingoti alikwenda peke yake mchana mmoja, akiyarudia njiani maneno aliyokusudia kusema, mengine ya kuomba na mengine makali. Alimkuta mzee barazani akichambua maharage.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Karibu, mama, karibu. Kaa basi, mbona umesimama?"

Magoti yakakunjika. Hapakuwa na kiti, palikuwa na ndoo iliyopinduliwa kifudifudi, akakaa juu yake. Watu kadha wa kadha walikwisha kumkaribisha akae maishani mwake na magoti hayakuwatii, lakini huyu ndiye mwenye neno lake. Machozi yalimtiririka na hakuyafuta. Mzee alidhani mgeni ametoka mbali, akamletea maji.

Baadaye alimuuliza kama anamkumbuka. Mzee akamtazama vizuri, kwa nia njema, akatikisa kichwa.

"Nilikuwa nawasimamisha wengi," akasema. "Ni njia ya haraka. Ukishasema simama, somo linaendelea."

Akamuuliza pia habari ya ile hasi na hasi. Mzee akacheka, akasema hilo hata leo halijui, kitabuni liliandikwa hivyo. Mlingoti alimchukia pale pale alipokaa, akamchukia sana, na mzee akaendelea kuchambua maharage. Mwisho akamwomba aende shuleni awaambie na wale wengine. Mzee akasema miguu yake haimpeleki popote tena. Isitoshe, wale si wake wote, na wenye wao wengine walikwisha kufa.

Kesho yake mwalimu mkuu aliwapokea kwa bashasha. Wa kwao alikaa jana mchana, aliwaambia. Alifikicha magoti, akalalia dawati mpaka kengele ya mwisho, kisha akatoka na wenzake, na hakuna aliyeangalia alielekea wapi.

"Na niwaambie ukweli," akasema, "darasa lilikuwa limejaa, nisingewapa matumaini. Lakini sasa nafasi ya dirishani iko wazi."

Mlingoti aliyasikia maneno hayo. Alimtazama mumewe. Fundi alikuwa akitabasamu, kwa maana aliona mambo yamejipa. Kilimani hapakuwa mahali pa Chiriku, hilo walilijua wote wawili, na shule nyingine haikuwepo. Na nyayo zake, Mlingoti aliona, zilikuwa na joto. Alipiga moyo konde, akaketi, akaandikisha mtoto.

Miezi ya mwanzo ilikuwa mizuri, mtu asidanganywe. Mlingoti alikaa kila mahali: kwenye benchi, kwenye ngazi, ukingoni mwa kitanda, juu ya magunia ya vitambaa, mpaka wenzake wa karakana hawakujua wamwite nani. Mezani aligundua kwamba kiti chake kinacheza mguu mmoja, jambo ambalo mumewe alikuwa hajalijua. Chiriku alirudi kila siku na habari za kutosha watu kumi. Alimpenda zaidi mwalimu wa jiografia, kijana mcheshi, mwenye mwandiko mzuri ubaoni. Mlingoti alimsikiliza, na kila usiku alipomfunika shuka alimgusa magoti kwanza.

Halafu jioni moja chakula kikapakuliwa. Fundi alivuta kiti chake, Mlingoti akavuta chake, na Chiriku akachukua sahani akaenda kuegemea mlango.

Fundi aliweka kijiko chini.

"Kaa, mwanangu," mama akasema.

"Siwezi, mama."

Walimuuliza, akawaeleza kwa maneno machache, jambo lisilo kawaida yake. Alikuwa amemuuliza mwalimu wa jiografia kwa nini kaskazini lazima iwe juu ya ramani. Mwalimu hakumfokea. Alitabasamu hata, akamwambia hebu simama pale dirishani mpaka nikwambie, akaendelea kuchora mto. Kipindi kilipokuwa karibu kwisha mwalimu mkuu akamwita mwalimu huyo nje.

"Kesho asubuhi naenda kumwona mimi mwenyewe," akasema Mlingoti.

"Hayupo, mama. Amehamishwa. Ameondoka na basi la mchana."

"Amekwenda wapi?"

"Hawakusema." Chiriku akatafuna, akameza. "Yule mwingine amebaki pale. Nimemwachia sweta, dirisha halina kioo."

Walisubiri aulize jambo, lolote lile, gundi, mbwa, Jumapili. Walichosikia ni kengele ya shule tu, ikigongwagongwa na upepo. Mlingoti alikuwa na hofu ile ile ya zamani, yote, na safari hii alilijua jina lake.

Akainuka kwenye kiti chake. Alichukua sahani, akaenda kusimama upande wa pili wa mlango, ili mtoto asile peke yake.

Fundi alikaa kidogo akiwatazama, mmoja huku na mwingine huku. Kisha akaacha chakula, akaenda kuchukua viatu vya shule vya binti yake na kipande cha tairi, akaanza kukata visigino, vile vinene.