Lori la Okoth Linavuja

Obonyo alikuwa na tabia ya kulamba washa. Watu wa kambini watakuambia alikuwa fundi hodari, na mimi sibishi, maana shamba zima la chai lilimtegemea. Lakini kila alipobadilisha chujio la petroli kwenye lori la majani, aliichomoa washa ya zamani, kile kipete cha shaba kinachobanwa na bolti ili petroli isipenye, akaisugua kwenye suruali yake iliyokauka grisi, akaitia mdomoni, akailamba pande zote mbili, akairudisha palepale ilipotoka.

"Hii bado mzuri," alisema. Kisha alipaka sabuni ya kufulia juu yake na kutema mate meusi karibu na miguu ya watu.

Huyo ndiye mwanamume niliyekuwa nimekubali anioe.

Sabuni ilishika mpaka kilima cha kwanza. Aliyeendesha lori lile ni kaka yangu Okoth, na tangi lilikuwa chini ya kiti chake. Petroli ilimdondokea kiatuni, ikatambaa nyuma hadi kwenye mbao, ikalowesha magunia ya majani mabichi tuliyoyachuma kwa mvua na baridi ya Kericho. Jioni alirudi akinuka hata chakula chake nikakiandalia nje ya mlango. Alimega ugali, akaunusa mkono wake, akaisukuma sahani. Alikuwa amekonda mpaka kola ya shati ikawa kubwa.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba washa mpya zilikuwepo. Okoth mwenyewe alitumwa dukani Kericho kuzichukua, akampa Obonyo pakiti mkononi. Obonyo alisema hakuona pakiti yoyote.

Basi siku kiwandani walipomwaga shehena nzima kwa sababu majani yalinuka petroli, meneja alifika uani uso umemwiva. Mzungu yule Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha tu.

"Nani nauza washa yangu? Kesho kama hapana patikana, Okoth nakwenda polisi."

Jioni ile Okoth alikaa kizingitini, akatoa washa kuukuu mfukoni anionyeshe ni kitu gani kinampeleka jela. "Ona, Jerusa. Shaba ukishaibana mara moja inalala vile ilibanwa. Ukiirudisha haikai tena, hata uipake sabuni ya dunia nzima. Hii ni bapa. Ile mpya ni nene kidogo, na inang'aa."

Nilikitazama kile kipete, mkono ukanipanda wenyewe shingoni. Chini ya gauni langu, pale ambapo mwalimu wa kanisa hangepaona, maana hakutaka tuvae mapambo, nilikuwa na mkufu wa vipete kama hivyo. Vinene, vinavyong'aa. Niliusugua kwa majivu kila Jumapili. Ulikuwa umeniachia rangi ya kijani kwenye ngozi, nami mjinga nilikuwa nikiifurahia ile rangi. Ilikuwa posa ya Obonyo.

Sikumwambia Okoth. Angempiga mtu, na ningeongeza kesi juu ya kesi. Ningeupeleka mkufu kwa meneja, wangesema, ndiyo hiyo, kaka ameiba akampamba dada yake. Usiku kucha nilihisi vile vipete vikinitambaa.

Asubuhi nilikwenda uani kabla ya kuingia shambani. Meneja alikuwapo, na nyapara Omwenga kando yake amevaa koti lake. Okoth alisimama kofia mkononi. Obonyo alikuwa amelala chini ya lori na kipande chake cha sabuni. Nilifungua kifungo cha gauni, nikautoa mkufu nje.

"Washa zenu hizi hapa," nikasema.

Obonyo alitoka chini ya lori akajipangusa. Hakupepesa hata jicho. "Si mnaona? Ndugu yake ndiye alimpea."

Nilimchukia papo hapo, bila haraka, kama mtu anavyoona funza kwenye nyama aliyokwisha kuionja. Lakini nilikuwa nimejua atasema hivyo. Nilimgeukia nyapara. Ukiwa mbali na kwenu, na wazee wako wa kiume wote wamebaki kule ziwani, mshenga wako ni mtu yeyote mwenye koti, na Obonyo alikuwa amemtuma Omwenga.

"Mzee Omwenga, hii nani alinivalisha?"

Omwenga alitazama viatu vyake. Kusema kweli kulikuwa kukiri kwamba yeye, nyapara, alibeba mali ya wizi mpaka nyumbani kwa watu akaisifu. Okoth aliikunja kofia mpaka nikadhani itapasuka. Meneja aliuliza, "Nani?"

"Ni mimi, Bwana," Omwenga akasema hatimaye. "Obonyo alinituma na hiyo, nikamvalisha huyu msichana mbele ya shangazi yake Syprose. Mimi sikujua ni kitu ya gari."

Meneja hakupiga kelele. Alimnyooshea Obonyo kidole, kisha akakigeuzia lori. "Weka mpya. Sasa. Halafu polisi."

Nikavua mkufu nikampa Obonyo. Alikata uzi kwa meno, akachagua kipete kimoja, bado kina joto la shingo yangu, akainama penye bolti. Tulikuwa tumemzunguka wote, tunamwangalia. Akakisugua kwenye suruali, akakitia mdomoni, akakilamba pande zote mbili, polepole, kama alivyozoea. Kisha akakikaza, na lori likaacha kuvuja.

Nilitapika palepale, karibu na viatu vya meneja.

Jioni ile Okoth alikula ugali wake wote na kuomba mwingine. Mimi nilikuwa nje na jivu na mchanga, najisugua shingo.